Kumtambua Mtoto Aliye Hatarini: Usomaji wa Dalili za Ukatili katika Vituo vya Afya vya Morogoro na Milima ya Uluguru

Utangulizi

Mwezi Mei 2014, katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Morogoro, majirani walitoa taarifa kuhusu mtoto wa kike wa takriban miaka 4 aliyekuwa akifichwa ndani ya boksi, katika nyumba ya ndugu waliomchukua kumlea baada ya mama yake mzazi kufariki. Mtoto huyo alipelekwa katika hospitali ya mkoa mjini Morogoro, kisha katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako alifariki mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo. Magazeti yalimwita "mtoto wa boksi", na kwa jina hilo anakumbukwa mpaka leo.

Mjadala uliofuata uligusa ukatili wa walezi na wajibu wa majirani. Makala haya yanajikita katika swali lililo karibu na hilo: mtumishi wa afya anamtambuaje mtoto aliye hatarini kabla mambo hayajafika huko? Swali lina uzito kwa sababu hakuna taasisi nyingine ya umma inayopangiwa kumwona mtoto mdogo mara nyingi kama kliniki ya mama na mtoto. Shule humpokea akiwa ameshakua. Polisi na mahakama humwona akiwa ameshaumia. Kliniki humtarajia anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18 kwa ajili ya chanjo, na katikati ya hapo humtarajia kwa kupimwa uzito.

Hoja inayofafanuliwa hapa ni kwamba orodha za dalili za ukatili zinazofundishwa vyuoni, ambazo nyingi zimetokana na utafiti wa Marekani na Ulaya, ni sahihi kitabibu, lakini zinapofikishwa Kinole, Matombo, Kolero au Mgeta baadhi yake hubadilika maana. Kuchelewa kumleta mtoto, kuletwa na mtu asiye mzazi, makovu mwilini na kukonda ni mambo ambayo huko Uluguru yanaweza kutokea katika nyumba yenye upendo kamili. Mtumishi anayezifuata orodha hizo kama zilivyo atawashuku wasiohusika na atawapitisha wanaohusika.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na kituo cha Marekani cha udhibiti wa magonjwa, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walieleza kuwa walipigwa ngumi, mateke, fimbo au kutishiwa silaha na mtu mzima au mwenza. Wengi wa waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakufika popote kutafuta huduma, na takriban nusu ya wasichana hawakumwambia mtu yeyote.

Takwimu hizi zina athari moja ya moja kwa moja kwa mtumishi wa zahanati. Ikiwa watoto wengi hivyo wameumizwa na wachache hivyo wamesema, basi waliobaki wamekuwa wakipita mbele yake kwa sababu nyingine: homa, kikohozi, kidonda, mimba, chanjo. Kazi yake haianzi pale mtoto anapoletwa kama mwathirika.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila mtoto ahojiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu namna sekta ya afya inavyopaswa kushughulikia ukatili dhidi ya watoto haupendekezi kuwauliza watoto na wazazi wote maswali ya kuchuja. Unapendekeza mtumishi awe na uangalifu, na afanye uchunguzi wa kina pale tu anapoona jambo linaloweza kuwa limesababishwa na ukatili. Msimamo huo una sababu. Fomu ya maswali ya kuchuja inayojazwa kwa kila anayeingia hugeuka haraka kuwa mazoea, na alama ya "hapana" huandikwa bila macho kuinuliwa kutoka kwenye karatasi.

Yale ambayo mwili husema popote

Elimu ya kisasa ya jambo hili ina historia fupi. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake nchini Marekani walichapisha makala kuhusu watoto waliopigwa na walezi wao, wakitumia taarifa za watoto 302 kutoka hospitali 71. Kabla ya hapo, mfupa uliovunjika wa mtoto mchanga ulitafutiwa kila sababu isipokuwa mkono wa mtu. Utafiti uliofuata umeonyesha kuwa zipo alama chache ambazo hazitegemei nchi wala mila, kwa kuwa zinategemea maumbile ya mtoto.

Ya kwanza ni uwezo wa mtoto kujisogeza. Mtoto asiyeweza kutambaa wala kusimama dede hana namna ya kujiumiza. Mvilio, yaani damu iliyovia chini ya ngozi, kwa mtoto wa miezi 3 ni jambo la kutafutiwa maelezo hata ukiwa mdogo kama punje ya hindi. Mtoto aliyeanza kutembea, kinyume chake, huwa na mavilio kwenye magoti, miundi na paji la uso, na asiyekuwa nayo ndiye anayeshangaza.

Ya pili ni mahali palipoumia. Utafiti wa Mary Clyde Pierce na wenzake, uliotangazwa kwanza mwaka 2010 na kuthibitishwa mwaka 2021 kwa watoto zaidi ya 2,000 waliokuwa na mavilio, unataja sehemu za kuangalia kwa watoto walio chini ya miaka 4: kiwiliwili, masikio, shingo, kona ya taya, nyama ya mashavu, kope, weupe wa jicho, na ule ugwe mdogo unaounganisha mdomo wa juu na ufizi. Mtoto anapoanguka hutanguliza sehemu ngumu zilizochomoza. Sikio na shingo hukingwa na bega. Aidha, alama yenye umbo la kitu, kama vile mkanda, waya uliokunjwa, vidole vya mkono au meno, hudai maelezo katika umri wowote. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 5, mvilio popote mwilini unatosha kuzua shaka.

Kuna tahadhari ambayo vitabu vingi huipita kwa haraka. Kwenye ngozi nyeusi mvilio hauonekani kwa wekundu au ubuluu unaochorwa vitabuni. Huonekana kama eneo lenye weusi uliokolea, na wakati mwingine hutambulika kwa kuguswa zaidi kuliko kutazamwa, kwa kuwa pamevimba au mtoto hushtuka. Chumba cha zahanati chenye dirisha moja hakifai kwa kazi hii. Mtoto asogezwe kwenye mwanga wa mchana na avuliwe nguo zote, kwa hatua, huku mlezi akiwapo. Vilevile, watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu na kijivu mgongoni na makalioni. Mabaka hayo hayaumi, hayabadiliki rangi kwa siku chache kama mvilio, na dawa yake ni kuyaandika kwenye kadi ya kliniki tangu mwanzo ili mtumishi mwingine asije akayatafsiri vibaya.

Ya tatu ni majeraha ya moto. Katika vijiji vya Mgeta baridi ni kali na moto wa mafiga huwaka ndani muda mrefu. Kuungua kwa watoto hakuepukiki kabisa. Mtoto anayevuta sufuria ya uji huungua usoni, kifuani na mkononi, na jeraha hupungua ukali kadiri maji yanavyoteremka, likiwa na kingo zisizo sawa. Mtoto aliyetumbukizwa huungua kwa mstari ulionyooka, miguu yote miwili kama aliyevaa soksi, au mikono yote miwili kama aliyevaa glavu, na mara nyingi makalio pia. Moto wa ajali haupimi mstari.

Dalili zinazohitaji kusomwa upya

Sehemu hii ndiyo yenye utata, na ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi.

Kuchelewa kufika kituoni hutajwa karibu katika kila mwongozo kama dalili ya hatari: mzazi asiye na hatia, inasemekana, hukimbilia hospitali. Mwongozo huo haukuandikwa na mtu aliyewahi kushuka kutoka Tegetero wakati wa masika. Milima ya Uluguru ina vilele vinavyozidi meta 2,600, na miteremko ya mashariki hupata mvua karibu mwaka mzima. Mgonjwa hubebwa kwa machela au mgongoni hadi mahali pikipiki inapofika, na pikipiki nayo husubiri utelezi upungue. Mtoto aliyevunjika mkono Jumamosi jioni akafika kituo cha afya Jumatatu mchana huenda ametoka kwa watu waliohangaika usiku na mchana.

Kwa hiyo urefu wa muda peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni jinsi muda huo ulivyotumika. Safari ya mlimani huacha mashahidi: aliyebeba machela, mwenye pikipiki aliyekataa na mwenye pikipiki aliyekubali, jirani aliyeazima fedha, mganga wa jadi aliyepitiwa njiani. Mlezi aliyehangaika huyataja hayo yote bila kuulizwa, mara nyingi kwa malalamiko. Muda usio na watu ndani yake ndio wa kushuku: siku mbili ambazo hakuna aliyeambiwa, katika kijiji ambacho habari ya mtoto kuumia hufika mtoni kabla ya jioni.

Mtu anayemleta mtoto ni jambo la pili. Miongozo hutahadharisha kuhusu mtoto anayeletwa na asiye mzazi. Waluguru ni jamii inayofuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi hupita upande huohuo, na mjomba, yaani kaka wa mama, ana sauti ambayo katika jamii nyingine ni ya baba. Bibi mzaa mama hulea wajukuu ambao mama zao wanafanya biashara au kazi za ndani Morogoro mjini na Dar es Salaam. Mtoto kuletwa na bibi, mama mkubwa, mama mdogo au mjomba ni kawaida ya maisha. Mtumishi akimkaripia bibi kwa swali la "mama yake yuko wapi?" amempoteza shahidi wake bora.

Lakini mfumo huohuo una nyufa zake, na hapa kesi ya mwaka 2014 ina funzo la kitaalamu. Mtoto anayehamia kwa ndugu baada ya kifo cha mama au kuvunjika kwa ndoa huingia katika nyumba ambayo wajibu wa kumlea umetokana na ukoo, huenda bila moyo wala uwezo wa kuubeba. Jambo la kuandikwa kwenye kadi ni hili: mtoto huyu amebadilisha mlezi lini, kwa sababu gani, na nani sasa anayeamua kuhusu matibabu yake. Ni swali la kawaida, haliaibishi, na huulizwa vizuri likitanguliwa na salamu. "Shikamoo bibi. Huyu mjukuu umekaa naye tangu lini?" hupata jibu refu kuliko fomu yoyote.

Tatu ni makovu. Chale za tiba huwekwa kifuani, tumboni na kwenye paji la uso. Huwa ndogo, zimepangwa, na umri wake hulingana na ugonjwa anaoueleza mzazi. Ngumu zaidi ni majeraha ya kinywani. Katika sehemu kadhaa za Tanzania wapo waganga wanaokata kimeo cha mtoto mwenye kikohozi kisichopona, na wanaofukua ufizi wa mchanga mwenye homa na kuharisha ili kuondoa kile kinachoitwa "meno ya plastiki", ambayo kwa hakika ni vichipukizi vya meno ya kawaida. Vitendo vyote viwili vinaweza kusababisha kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo. Je, ni ukatili? Madhara yapo bila shaka. Nia ya mzazi, hata hivyo, ilikuwa kuponya, na alilipa fedha kwa ajili hiyo. Mzazi wa namna hii anahitaji elimu na ufuatiliaji, na anayehitaji hatua za kisheria ni mkataji. Pamoja na hayo, neno "kimeo" lisikubaliwe kama pasi ya kupita. Kimeo kipo nyuma ya kinywa. Ugwe wa mdomo wa juu uliochanika hauna uhusiano nacho. Unaweza kuchanika kwa chupa au kijiko kilichosukumwa kwa nguvu, au kwa kofi.

Nne ni kukonda. Uzito unaoshuka kutoka eneo la kijani la kadi hadi la kijivu na kisha jekundu unaweza kuwa njaa ya miezi ya kabla ya mavuno, kifua kikuu, VVU, au mtoto kunyimwa chakula huku wenzake wakila. Kinachovuruga uchunguzi huko Morogoro na Pwani kwa jumla ni imani ya kubemenda: kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu wazazi wake wanapovunja miiko ya tendo la ndoa, hasa mmoja wao anapotoka nje. Mama mwenye mtoto aliyekonda huja akiwa ameshahukumiwa na mawifi na majirani. Ukimya wake, macho yake ya chini na majibu yake ya mkato, ambayo mwongozo ungeyasoma kama dalili za mzazi mwenye la kuficha, huenda ni aibu ya kusingiziwa. Zaidi ya hapo, mama huyo mwenyewe anaweza kuwa anapigwa nyumbani kwa ajili ya tuhuma hiyo. Dalili ya kutofautisha ni ndugu wa mtoto. Wote wakiwa wamekonda, nyumba ina njaa. Mmoja akikonda na wengine wakinawiri, na vipimo vya magonjwa vikawa safi, swali linabadilika.

Mkoa wa Morogoro una mfano mwingine unaofundisha. Mahenge, wilayani Ulanga, inajulikana kimataifa kwa wingi wa kifafa, tangu daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwatibu wagonjwa huko karibu mwaka 1960. Mtoto mwenye kifafa huanguka motoni. Makovu yake ya moto, ya zamani na mapya, yanafanana kabisa na historia ya mtoto anayeteswa. Hapa jambo la kuuliza ni kama anapata dawa, na kama hapati, ni kwa kukosekana zahanati au kwa kuachwa.

Maelezo dhidi ya mwili

Baada ya dalili hizo kusomwa upya, kinachobaki kuwa na nguvu popote ni kutolingana: maelezo yasiyolingana na jeraha, jeraha lisilolingana na umri, maelezo ya leo yasiyolingana na ya jana. Ndiyo maana njia ya kuuliza ni chombo cha uchunguzi kama kilivyo kipima joto.

Uchukuliwe mfano wa mtoto wa miezi 4 aliyeletwa akiwa amevimba paja, na maelezo kuwa aliviringika kutoka kitandani. Mtumishi asibishe. Amwombe mlezi aeleze siku nzima: "Nieleze tangu mlipoamka." Nani alikuwa nyumbani, kitanda kina urefu gani na sakafu ni ya nini, mtoto alilia vipi, nani alimwokota, alinyonya mara ya mwisho saa ngapi. Mlezi wa pili aulizwe peke yake, bila kudokezewa. Kisha vitu hivyo viwekwe mbele ya mwili: mtoto ambaye bado hajajifunza kuviringika hakuviringika, na mfupa wa paja hauvunjiki kirahisi kwa kuanguka kutoka kitanda kifupi kwenye sakafu ya udongo. Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa jina la aliyeyatamka na saa. Hitimisho la "amepigwa" halina nafasi katika faili; nafasi ni ya jeraha lililochorwa, kupimwa kwa sentimita na kuelezwa.

Mtoto anayeweza kusema aulizwe kwa maswali yaliyo wazi. "Ilikuwaje?" na "Halafu?" yanatosha kwa sehemu kubwa ya mazungumzo. "Ni baba aliyekupiga?" humpa mtoto jibu ambalo baadaye wakili atalitumia kubomoa ushahidi wote. Ni vema pia mtumishi akaijua tasfida. Mtoto hasemi amebakwa. Husema "alinifanyia tabia mbaya" au "tulicheza mchezo mbaya", na kule milimani huenda akalisema jambo hilo kwa Kiluguru kwa sababu ndiyo lugha ambayo lilimfika. Tasfida hiyo isitafsiriwe katika faili. Iandikwe ilivyo, kisha mtoto aulizwe anamaanisha nini.

Ukatili wa kingono

Kosa kubwa katika eneo hili ni kutegemea uchunguzi wa sehemu za siri utoe hukumu. Utafiti wa kitabibu umeonyesha mara nyingi kwamba idadi kubwa ya watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakutwi na jeraha lolote, kwa kuwa tishu za sehemu hizo hupona haraka na vitendo vingi haviachi alama. Kuandika "hakuna ushahidi wa kubakwa" kwa sababu hakuna mchaniko ni kosa la kitaalamu. Sahihi ni kuandika kuwa uchunguzi haukuonyesha jeraha, na kwamba hali hiyo haithibitishi wala haikanushi maelezo ya mtoto. Msimamo wa sheria ya Tanzania unawiana na hilo: Mahakama ya Rufani ilishaeleza mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema kweli.

Saa zina umuhimu kuliko uchunguzi. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Kwa mtoto wa mlimani, siku moja ya njia imeshaliwa kabla hajafika. Kumrudisha mtoto huyo polisi akafuate kwanza Fomu Namba 3, maarufu kama PF3, ni kuzila saa zilizobaki. Fomu ina kazi yake mahakamani na inaweza kujazwa matibabu yakiwa yameshaanza.

Kwa wasichana wa miaka 14 hadi 17 mlango unaoonekana zaidi ni kliniki ya wajawazito. Kanuni ya Adhabu inahesabu kufanya ngono na msichana chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji hata akiridhia, isipokuwa kwa mke mwenye miaka 15 au zaidi; na Mahakama Kuu mwaka 2016, ikiungwa mkono na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu wasichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Sheria ya Elimu nayo, baada ya marekebisho ya 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Ukali huo umezaa tabia ya kuongeza umri kwenye kadi na ya msichana kuja na "mume" ambaye hamtazami. Msichana aonwe peke yake walau kwa dakika chache, na kupima uzito ni sababu isiyomshtua yeyote.

Baada ya shaka

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haidai uthibitisho. Kwa vitendo, taarifa humfikia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure 116 ya msaada kwa mtoto. Hospitali kadhaa nchini zina vituo vya mkono kwa mkono, ambamo matibabu, ushauri, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja ili mtoto asisimulie jambo lilelile mara nne.

Kinachokwamisha ni ujirani. Muuguzi wa zahanati ya kijijini amepanga chumba kwa mjomba wa mtuhumiwa, ananunua ndizi kwa shangazi yake, na atakapoitwa mahakamani mjini kila mtu ataona anapanda gari gani. Familia humjia jioni na ombi la kuyamaliza nyumbani: fidia imeshapangwa, wazee wameshakaa. Kumlaumu muuguzi huyo kwa woga ni rahisi kwa aliye mbali. Ulinzi wake wa kweli ni utaratibu unaoondoa uamuzi mikononi mwake: taarifa isainiwe na mganga mfawidhi kwa jina la kituo, ipelekwe wilayani siku hiyohiyo, na mtoto mwenye shaka kubwa apewe rufaa ya matibabu kwenda ngazi ya juu. Rufaa ina faida mbili. Humtoa mtoto katika nyumba yenye hatari bila kumshtaki mtu, na hufanya taarifa iandikwe na watu wasioishi kijijini. Zahanati ambayo haijaafikiana mapema nani anapiga simu, kwa nani, itashindwa siku ya tukio hata kama mtumishi wake ameiona kila dalili.

Mtoto asiyefika

Dalili zote zilizojadiliwa zinahitaji mtoto awe mbele ya mtumishi. Mtoto anayefichwa hafiki. Kwa mtoto wa namna hiyo chombo pekee cha kituo ni rejesta: mstari wenye jina, chanjo za mwanzo zilizotiwa tiki, kisha nafasi tupu. Kila kituo kina mistari hiyo, na mingi kati yake ina maelezo yasiyo na ubaya: familia imehama, mama amejifungulia kwao upande wa pili wa mlima, kadi imelowa na mpya imetolewa kwingine. Kwa sababu hiyo hesabu ya watoro wa chanjo hushughulikiwa kama suala la asilimia ya kampeni. Hapo ndipo nafasi inapopotea. Jina la mtoto ambaye mama yake amefariki, au aliyehamishiwa kwa mlezi mwingine, likifuatiwa na nafasi tupu, lipaswa kutengwa na mengine na kupewa kipaumbele, na hilo linawezekana tu kama mabadiliko ya mlezi yaliandikwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetumwa kufuatilia hupewa karatasi yenye jina na tarehe ya chanjo iliyorukwa. Akifika huambiwa mtoto amelala, au yupo kwa bibi yake Mkuyuni, au ameshachanjwa mjini, na huonyeshwa kadi. Huandika "ameonekana kadi" na kuendelea na nyumba inayofuata, kwa kuwa ana nyumba nyingi na njia ni ya kupanda. Karatasi hiyo inahitaji kuongezewa safu moja, kati ya jina na tarehe, ya kujaza kama mtoto mwenyewe ameonekana kwa macho, akiwa macho, na nani alikuwapo. Safu hiyo ikiachwa tupu mara ya pili, karatasi haiendi tena kwa mratibu wa chanjo. Inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii.